Kinanda Nilichokiziba Pancha

Aibu yenyewe ilinipata kanisani, mbele ya watu, kuku na maboga, na nitaifikia, msinisukume, ila kwanza nianze na shangazi yangu Esinati, Mungu amrehemu, ambaye hakuhusika nayo hata kidogo. Shangazi aliishi kwetu Unyasani, kando ya ziwa, na siku moja bibi mmoja wa Kizungu wa misheni alimuuliza kama anajua kupiga pasi. Shangazi pasi alikuwa hajaiona hata kwa mbali. Akajibu, "Najua sana." Akapewa kanzu za mchungaji, akapewa na pasi ya mkaa, pasi akaitazama, akaiogopa, akaifunika kwa kapu. Kanzu akazinyunyizia maji kidogo, akazikunja vizuri, akaziweka chini ya ngozi ya ng'ombe na kuzikalia mchana kutwa huku anachambua maharage. (Shangazi alikuwa mnene, na si mnene wa kusemwa, mnene wa kusifiwa.) Jioni kanzu zilikuwa zimenyooka kabisa, yule bibi akafurahi, akampa kazi, na shangazi akala mshahara wa kupiga pasi mpaka akazeeka, na ile pasi kuku akawa anatagia.

Basi sisi watoto wa ukoo ule tulikua tukijua kwamba mtu akikuuliza kama unajua, unajua. Namna ya kufanya utaiona mbele ya safari. Nami ndivyo nilivyotoka kwetu: dereva mmoja wa lori alisimama sokoni akauliza nani anajua kazi ya utingo, nikasema mimi, na sikuwa najua hata mlango wa lori unafungukia wapi. Lori lile lilikufa Mikumi. Dereva akaenda kutafuta spea, akasema nisubiri hapo hapo, nililinde. Mpaka leo hajarudi, na lori nalo lilimalizika kidogo kidogo, leo kioo, kesho betri, mpaka nikabaki nalinda matairi tu, na siku matairi yalipoondoka nikajua kwamba na mimi nimehamia Mikumi.

Nikajifunza kuziba pancha. Shule mimi niliishia darasa la pili, lakini pancha haihitaji shule, inahitaji beseni la maji na macho. Unajaza upepo tyubu, unaizamisha majini, unaangalia povu linapotokea. Hapo ndipo penye ugonjwa. Unakausha, unasugua na msasa, unapaka solusheni, unabandika kiraka, unagonga, basi. Sheria ya kazi yetu ni moja: upepo ukitoka, pana tundu, pakiwa na tundu, ziba. Kwa sheria hiyo nilioa, nikajenga, nikamzaa Eliza, na watu wakaniita Mnyasa Fundi, na hakuna aliyeniuliza karatasi.

Halafu ukaja wakati wa ruksa. Wenye umri wangu mnaukumbuka: sabuni ikarudi madukani, mitumba ikashuka kwa marobota, kila mtu akawa na koti la mtu aliyefia Ulaya, na walioogopa kuuza hata vitumbua wakatoa meza barabarani. Lakini ruksa nayo haikuja peke yake, ilikuja na leseni. Tukatangaziwa kila mwenye kazi yake aende Kilosa, wilayani, akajiandikishe kwamba amejiajiri (neno hilo lilinichekesha, maana mimi tangu nizaliwe sijaajiriwa na mtu mwenye akili, yule dereva simhesabu). Na mgeni asiye na leseni hapati kibali cha kuishi, na asiye na kibali anasindikizwa mpakani na askari, mchana, watu wakiona.

Mke wangu Mama Eliza ni Msagara wa Masanze, na hana maneno mengi ya kubembeleza.

"Baba Eliza, nenda Kilosa," aliniambia. "Wakikurudisha kwenu, mimi sikufuati."

"Hunifuati mume wako?"

"Nina mihogo shambani. Nina mama, miguu yake unaijua. Na huko kwenu mnakula samaki wadogo pamoja na macho yao. Siendi."

"Na Eliza?"

"Eliza ana mihogo pia."

Kwa hiyo mjue nilichokuwa nakitafuta Kilosa. Wengine walikwenda kutafuta leseni, mimi nilikwenda kutafuta kubaki na mke wangu.

Pale wilayani afisa aliyehusika alikuwa mtu mmoja Mkaguru, mrefu, msafi, watu wote walimwita Bwana Biashara, kama tunavyosema Bwana Shamba na Bwana Afya. Nilimwamkia kwa adabu zote, nikakaa ukingoni mwa kiti. Akanitazama, akatazama barua ya balozi wangu wa nyumba kumi, akashusha pumzi.

"Mzee Mnyasa, kazi yako nini?"

"Fundi baiskeli, mheshimiwa. Naziba pancha."

"Hapo ndipo pagumu. Kuziba pancha wananchi wanaweza. Mgeni tunamwandikisha kwa ufundi ambao hapa kwetu haupo. Huna ufundi mwingine?"

Sasa hapa, ndugu zangu, ndipo palipoanzia yote. Ningesema "sina" ningerudi nyumbani nikafikiri njia nyingine. Lakini yule bwana, wakati ananisubiri nijibu, alikuwa anaimba kwa puani wimbo wa kanisani, na vidole vyake vinatembea juu ya meza, vya kulia vinapanda na vya kushoto vinashuka, nami nikavitazama vile vidole nikaelewa. Nikakumbuka kwamba niliwahi kumzibia dereva mmoja mlevi kile kinanda chake cha mkononi, cha kuvuta na kusukuma, kilichokuwa kimetoboka ubavuni, nikakibandika kiraka cha tyubu na kikalia vizuri tu mpaka alipokilalia. Kwa hiyo sikusema uongo. Nilisema ukweli nikauvalisha koti kubwa.

"Natengeneza vinanda," nikasema.

Vidole vikasimama.

"Vinanda? Vya kanisani?"

"Najua sana."

Yule bwana aliinuka akafunga mlango. Akaniambia kwamba kwao, kwenye kilima kimoja upande wa Mamboya (kijiji sikitaji, bado nina haya nacho), kuna kinanda cha miguu kilichoachwa na Wazungu wa zamani. Marehemu baba yake ndiye aliyekipiga, akamfundisha na yeye. Baba alipofariki kinanda nacho kikakata pumzi, na mama yake, Bibi Damari, tangu hapo akienda kanisani anakaa nyuma kabisa, mlangoni, anasema mbele pana ubaridi.

"Jumapili ijayo ni sikukuu ya mavuno," alisema. "Kitengeneze. Nikikipiga Jumapili kikalia, nakuandikia leseni yako hapo hapo, mbele ya watu, fundi wa vinanda, wilaya nzima hatuna. Kisipolia, mzee, faili lako nalipeleka uhamiaji na sitakuwa na la kukusaidia. Unaweza?"

"Mheshimiwa," nikasema, "hicho ni kazi ya asubuhi moja."

(Kazi ya asubuhi moja! Mdomo huu!)

Nilifunga safari na baiskeli yangu na mkoba wa kazi. Njiani, kabla ya kupanda kilima, nikamkuta mfugaji mmoja wa Kisukuma, Masanja, kijana wa watu mcheshi sana, anasukuma baiskeli ya Kichina tairi chini. Tulijuana, kila akipeleka ng'ombe mnadani Mikumi alikuwa akipita kwangu. Nikamzibia.

"Fundi, umepotelea wapi huku?"

"Nina kazi ya kanisa."

"Kanisa nalo lina pancha?" Akacheka peke yake. "Basi tutaonana huko, na mimi nimeahidi ndama wa mavuno. Mchungaji wao kanikaribisha, nimehamia hapo bondeni."

Ningekuwa na akili ningemwambia asinijue. Sikuwa nayo, nikampungia mkono.

Kinanda nilikikuta kona ya kanisa, kimefunikwa kitambaa chenye msalaba. Bibi Damari mwenyewe ndiye aliyenifungulia, kikongwe mwembamba, macho makali, kiganjani ana kikopo cha ugoro ambacho kila mchungaji akipita kinapotelea kwenye khanga. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba mwanangu, wewe ndiye mtaalamu?" Nikasema ndiyo. Akaleta kigoda akakaa kunitazama, na aliposema hatabanduka hapo, hakubanduka.

Nikafungua nyuma. Jamani! Ndani mlikuwa na mbao, springi, vishikizo na vijilimi vya shaba vimepangwa safu, na mavumbi, na makazi ya panya wa vizazi vingi, na punje za mahindi walizohifadhi. Nilitaka kufunga nirudi nyumbani nikaage mihogo. Lakini chini kabisa nikaona kitu ninachokijua: mfuko mkubwa wa turubai lenye raba, kama mivukuto ya mhunzi. Unakanyaga pedali, mfuko unajaa upepo, upepo unapita kwenye vijilimi, sauti inatoka. Nikacheka kwa raha. Hii ni tyubu! Wazungu wamechukua tyubu wakaivalisha kabati!

Na tyubu ilikuwa imetoboka kila mahali. Majini haiingii, kwa hiyo nikatumia povu la sabuni. Nikamwomba Bibi Damari akanyage pedali nami nikawa napaka povu, palipochemka naweka alama ya mkaa. Tulifanya kazi vizuri ajabu, yeye anakanyaga na kunisimulia habari za marehemu mumewe, jinsi alivyokuwa akipiga kinanda huku amefumba macho, mpaka siku moja alifumbua akakuta watu wameshakwenda nyumbani. Nikasugua, nikapaka solusheni, nikabandika, nikagonga. Viraka juu ya viraka. Mfuko ule ulipendeza kama shuka la maskini.

Ikabaki sehemu moja. Juu ya mfuko palikuwa na tundu la duara, safi kabisa, limefunikwa kwa kifuniko kidogo cha ngozi chenye springi. Mfuko ukijaa sana kile kifuniko kinainuka, kinasema fyuuu, kisha kinalala.

"Hako mbona kanafunguka na kujifunga kenyewe?" Bibi Damari akauliza.

"Valvu imechoka, mama. Unasikia upepo unavyotoroka?"

"Nasikia. Lakini kanafunguka kwa adabu."

"Mama, upepo ukitoka pana tundu. Pakiwa na tundu, unaziba."

Nikaling'oa lile springi nikalitia mfukoni, nikakifunga kifuniko kwa solusheni mara mbili, na juu yake nikaweka kiraka cha tyubu ya lori, kipana kama kiganja, kazi ambayo hata sasa nikiikumbuka, kama kazi, ilikuwa nzuri.

Kikalia. Nakuambieni kililia! Jumamosi ile Bibi Damari alibonyeza kidole kimoja, mimi nakanyaga taratibu, na sauti ikatoka tamu ikajaa kanisa lote, ndege wakanyamaza. Yule mama aliondoa kidole, akaangalia ukutani, akafuta macho kwa upindo wa khanga. Kisha akavuta ugoro wake mbele yangu bila kujificha, na hapo nikajua nimekuwa mtu wa nyumbani.

Jumapili watu walijaa mpaka madirishani. Mbele ya madhabahu palikuwa na maboga, mikungu ya ndizi, miwa, mahindi, mayai kwenye vikapu, na kuku wamefungwa miguu wamelala safu. Nje mlangoni Masanja alikuwa amefunga ndama wake. Pilau lilikuwa linapikwa nyuma ya nyumba ya mchungaji, na harufu yake ilikuwa inaingia kanisani kila mlango ukifunguliwa, watu wanageuza shingo. Bwana Biashara alikuja na suti mpya ya mitumba, rangi ya majani mabichi, akaninong'oneza, "Leseni ninayo mfukoni." Akajipapasa kifua. Na Bibi Damari, ndugu zangu, alikuja kukaa mbele, benchi la kwanza kabisa, kilemba cheupe, pembeni yangu.

Mambo hayakuishia hapo, aibu ikipanda huwa inapanda ngazi moja moja. Mchungaji akanitambulisha. Akasema Mungu ametuletea mtaalamu kutoka nchi za nje. Nikasimama, wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa kanisa jirani akauliza kama naweza kuwaona na wao, kinanda chao kimepooza upande mmoja. Nikasema nitafika. Mwingine akauliza kama natengeneza na kengele. Nikasema kengele ni jambo dogo. Mchungaji akaniomba niseme neno, na mimi, badala ya kushukuru na kukaa, nikasema kwamba ufundi wa vinanda ni wa familia yetu tangu kwa shangazi yangu. Jamani, shangazi!

Nyimbo za kwanza zilikwenda kwa upole, Bwana Biashara anakanyaga kama mtu anayetembea kwenye matope, kinanda kinaitika, nami nimekunja nne. Kisha ikafika saa ya kutoa mavuno. Hapo watu wa vilima vile hawatembei, wanakuja mbele wanacheza, mama ana boga kichwani na baba ana jogoo kwapani, na wimbo wake unataka mwendo. Bwana Biashara akamwona mama yake ameinuka benchi la mbele anapiga makofi. Basi, mtoto wa mtu akapagawa. Akavua koti. Akafumba macho. Miguu yake ikaanza kwenda kama ya mtu anayepandisha baiskeli mlima Mamboya na mke nyuma.

Nami nikasikia kitu kinapungua. Nikajiuliza ni nini, kisha nikajua: ile fyuuu. Ile fyuuu ya adabu haikuwepo, niliizika mimi mwenyewe. Nikainama, nikatazama chini ya kinanda, nikauona mfuko umevimba, viraka vyangu vimetuna kimoja kimoja kama macho ya chura, turubai limenyooka mpaka linang'aa. Sasa mimi mengi sijui, lakini tyubu inayotaka kupasuka naijua hata nikiwa usingizini.

"Achia upepo!" nikapiga kelele.

"Amina!" kanisa zima likajibu.

"Bwana, achia! Achia upepo!"

"Amina! Halleluya!" na wimbo ukapanda juu zaidi, na Bwana Biashara, kusikia hivyo, akakanyaga kwa miguu yote.

Nikaruka benchi. Nikajitupa nyuma ya kinanda, kucha kwenye kile kiraka cha lori, navuta, hakibanduki. (Nilishawaambia ilikuwa kazi nzuri.) Nikaweka meno. Mchungaji aliyekuwa karibu yangu akadhani nimeshukiwa, akanyoosha mkono aniombee, na mkono wake ulipogusa kichwa changu tu, kinanda kikapasuka.

PAAA!

Sijawahi kusikia pancha ya namna ile kabla wala baada. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mgambo akajirusha sakafuni akipiga kelele, "Lala chini! Lala chini!" na nusu ya kanisa wakalala. Mavumbi ya marehemu Wazungu yalitoka kwa mkupuo, yakaenda yote juu ya suti ya kijani, na nyuma yake zikafuata punje za mahindi kama risasi, na panya wawili wakatua juu ya mapaja ya Bwana Biashara, wakamtazama, wakashuka. Kuku wakakata kamba. Jogoo mmoja akapanda juu ya mimbari. Maboga yakaviringika katikati ya watu waliolala, na nje ndama akang'oa mti mdogo aliofungiwa akaondoka nao.

Kisha kukawa kimya, isipokuwa kinanda, ambacho kilikuwa bado na kijilimi kimoja kinachotoa pumzi ya mwisho, sauti nyembamba, ndefu, ya aibu, ya aina ambayo mtu akiitoa mbele za watu hugeuka kumtazama jirani yake.

Katika kimya hicho hicho ndipo Masanja aliposimama nyuma kabisa, shingo ndefu.

"Fundi! Ni tyubu au na tairi?"

Bwana Biashara akafumbua macho. Kope zake zilikuwa nyeupe.

"Wewe unamfahamu huyu?"

"Mnyasa Fundi? Nisimfahamu vipi! Ndiye anayetuzibia pancha Mikumi. Na juzi kanizibia hapo bondeni, angalia, mpaka leo gumu!" Alikuwa ananisifia, maskini, alitaka kunitetea kabisa.

Watu wakaanza kuinuka sakafuni, wakanitazama. Nilikuwa bado nimepiga magoti na kiraka mdomoni. Nikawaza mpaka, nikamwaza askari, nikamwaza Mama Eliza amesimama kwenye mihogo yake hata hanipungii mkono. Na pembeni yangu nikasikia kitu kama kikohozi. Alikuwa Bibi Damari. Kilemba kimeinamia sikio, ugoro wote umemwagika kifuani, anapiga chafya na kucheka, anapiga chafya na kucheka, mkono tumboni, mpaka akamshika mwenzake asianguke. "Valvu imechoka!" alisema. "Aliniambia valvu imechoka!" Akatazama kinanda, akatazama mwanawe alivyogeuka mwanasesere wa unga, akaanza upya. Na alipoanza yeye, kanisa zima likafuata, na mchungaji naye, hata yule mgambo, akiwa bado amelala.

Bwana Biashara peke yake hakucheka. Alinishika mkono wa shati akanitoa nje kwa mlango wa pembeni. Tulisimama kwenye jua, yeye anajikung'uta, kila akijipiga linatoka wingu.

"Kwa nini hukuniambia wewe ni fundi baiskeli tu?"

"Nilikuambia, mheshimiwa. Ndiyo neno la kwanza nililokuambia. Ulisema hiyo wananchi wanaweza."

 Ndani kicheko kilikuwa kinapanda na kushuka, na sauti ya mama yake tuliijua ndani ya zote. Akatia mkono kwenye koti alilolibeba begani, akatoa leseni. Ilikuwa kweli imeshaandikwa, na muhuri. Akaishika kwa ncha mbili kama mtu anayetaka kuichana, nami nikafumba jicho moja.

"Nikikunyima," alisema polepole, kama anasoma, "lazima niandike sababu kwenye faili. Niandike nini? Kwamba fundi niliyempitisha mimi mwenyewe amenipasulia kinanda mapajani siku ya mavuno?"

 Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza mahali pa kunyamaza.

"Makao makuu watakisoma kile kitu. Watakipeleka mkoani kisomwe na mkoani." Akasikiliza tena kule ndani. "Yule mama hajacheka hivyo tangu mzee afariki. Chukua."

Nikapokea kwa mikono miwili.

"Hapo umeandikwa fundi wa vinanda. Mkaguzi akikuuliza, ndiyo kazi yako, na pancha unaziba kwa kujifurahisha. Umenielewa? Lakini nikusikie umegusa kinanda, cha mtu yeyote, mahali popote, hata cha mtoto cha kuchezea."

"Sitagusa, mheshimiwa."

"Hata kukifuta vumbi."

"Hata kukifuta vumbi."

Na nimeshika ahadi hiyo. Nimezeeka Mikumi nyuma ya ubao uliosema Fundi wa Vinanda na beseni la maji chini yake, wageni wa hotelini wakija kuuliza nawaambia leo sina spea. Mama Eliza alipoisoma ile karatasi aliicheka mpaka akaacha mboga ikaungua, lakini alinipakulia. Na kama kuna neno la kuwaachia ni hili: mtu akikuuliza unajua, na hujui, usiseme unajua kwa sababu ya vidole vyake, na ukikuta tundu limetengenezwa vizuri, waulize waliolitengeneza kabla hujatoa solusheni.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Saa ile nilikuwa bado nimesimama nyuma ya kanisa, karatasi ndani ya shati. Bwana Biashara alirudi ndani. Mtu alileta ngoma, na wimbo wa mavuno ukaanza tena bila kinanda, tena kwa nguvu kuliko mwanzo. Masanja alitokea kona ya nyumba ya mchungaji na sahani mbili.

"Fundi! Njoo pilau limeiva! Bibi kizee anakuita ukae naye!"

Pilau lilikuwa linanukia, na njaa nilikuwa nayo, ila uso wa kukaa na yule mama sikuwa nao. Nikachukua baiskeli yangu ukutani, nikaigeuza, nikashuka kilima. Nilimsikia Masanja akiita mara ya pili, na nadhani ya tatu, kisha ngoma ikamfunika, na mimi kule juu sijarudi tena.